Nilimwigiza Patron Mbele ya Geti

Cheka tu, msomaji, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Nashona nguo katika karakana moja hapa Kamembe. Patron wetu, mwenye karakana, aliweka sheria: ikifika saa moja asubuhi geti linafungwa, na aliyechelewa anarudi nyumbani, siku yake imepotea.

Juzi mvua iliharibu barabara ya Gihundwe, na nusu ya mafundi tukajikuta nje. Wenzangu walitaka kuondoka. Nikawazuia. "Leo hatutoke hapa mpaka afungue!"

Mara akaja mwanamume kwa miguu, matope hadi kiunoni, kofia ya pikipiki imemfunika uso. Nikadhani ni fundi mpya.

"Papa, simama na sisi," nikamwambia. "Huyu patron hajue mvua ni nini."

Ili anielewe vizuri, nikamwigiza patron: tumbo mbele, mikono nyuma, sauti ya puani. "Mvua haifanyi kazi hapa!" Wenzangu wakavunjika mbavu. Yule bwana akagonga geti.

"Fungua, ni mimi."

Mlinzi akachungulia. "Patron, unisamehe. Ulisema nyuma ya saa moja nisifungulie muntu, hata wewe mwenyewe."

Nikajificha nyuma ya wenzangu. Patron akavua kofia, akayatazama matope yake, kisha akatutazama sisi.

"Mzee, fungulia bote. Hii sheria imekufa leo."

Vigelegele vikalipuka. Nilikuwa najipenyeza ndani kimyakimya aliponishika bega.

"Maman, mbele ya kuingia, nionyeshe tena vile ninatembeaka."