Ripoti ilisema tawi la Masumbwe halina mkaa. Aliyeiandika ni mimi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Humu jukwaani mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo naandika, na nitafuata mambo yalivyokwenda, moja baada ya lingine. Sitaongeza kitu. Nisipojua nitasema sijui. Jina la kampuni sitalitaja, kwa hiyo msihangaike kunifuata PM.

Naonya mapema: uzi huu una kifo ndani yake.

Kwanza mimi ni nani. Nina miaka hamsini na mbili. Shule niliishia kidato cha pili. Kwa miaka mingi nilikuwa mpimaji kwenye mizani ya kiwanda cha kuchambua pamba huku Shinyanga, mpaka misimu ikawa mibaya wakatupunguza. Mambo ya nishati, majiko na hewa nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na kwa simu. Cheti sina.

Kampuni ya migahawa ilinichukua kwa sababu ya hiyo mizani. Ina matawi mengi ukanda huu: Shinyanga mjini, Kahama, Bugarama, Masumbwe, Geita, Nyarugusu na kwingine. Inalisha wachimbaji, madereva wa malori, watumishi, watu wa mnadani. Makao makuu yapo Dar.

Wakubwa walikuwa wametangaza mpango wa kupunguza gesijoto katika matawi yote. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka na mizani na tableti, kupima kila tawi linatumia nishati gani na kwa kiasi gani, kisha kutuma ripoti.

Mpango wenyewe haukuwa uongo. Aliyepita njia ya Kahama kwenda Masumbwe miaka ishirini iliyopita, akapita tena leo, anajua miti imeishia wapi. Niliuamini na bado nauamini.

Ila kuna kitu kilinisumbua tangu mwanzo. Kwa kusoma kwangu niliona kwamba biashara ya chakula haichafui hewa kwa moto wa jikoni peke yake. Kuna nyama ya ng'ombe, na kuna chakula kinachomwagwa. Nikampigia mratibu wa mpango, kijana msomi na mstaarabu, nikamuuliza mbona nyama na mabaki havimo kwenye fomu.

Akacheka. "Mzee wangu, Usukumani ukiondoa nyama kwenye menyu wateja watakaobaki ni mbuzi."

"Sijasema tuiondoe. Nimesema tuipime."

"Tuanze na mkaa, mzee. Mkaa unaonekana kwenye picha."

Basi tukaanza na mkaa. Kila tawi likaletewa majiko ya gesi. Tawi litakalofika sifuri litawekewa kibao cha kijani mlangoni, na meneja wake atatajwa kwenye kikao cha mwaka.

Sasa nije Masumbwe.

Mkuu wa jiko pale alikuwa Mama Shija. Mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikuwa amepika kwenye makambi ya wachimbaji kabla ya kuja kwenye kampuni. Siku ya kwanza aliponiona nashusha mizani kwenye gari alisema, "Mwangaluka, Mzee wa Mizani. Unakuja kupima mkaa au unakuja kutupima sisi wapishi? Maana mimi kwenye hiyo sipandi."

Wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo jina langu pale likawa Mzee wa Mizani.

Yeye ndiye aliyenionyesha tatizo. Majiko tuliyoletewa yalikuwa ya kuweka juu ya meza. Kwa chai, mchuzi, wali, mayai, hayana shida. Lakini pale mchana kunatoka ugali wa watu sitini kwa mpigo mmoja. Ugali wa namna hiyo hausongwi ukiwa mezani. Sufuria linakaa chini, kwenye jiko pana la chuma, mmoja analibana kwa miti miwili na mwingine anasimama juu yake na mwiko wenye urefu wa jembe.

Akaliweka lile sufuria juu ya jiko la gesi mbele yangu. Akasonga mara tatu. Sufuria likazunguka pamoja na mwiko, na jiko lenyewe likaanza kusogea.

"Umeona, Baba? Hapa nikisonga mpaka mwisho, tutakula ugali na mguu wa mtu."

Nikaandika. Nikatuma makao makuu kwamba matawi yanayosonga ugali mwingi yanahitaji majiko ya gesi ya chini, yenye miguu mifupi na mipana. Nikajibiwa yameagizwa, yapo njiani.

Sijui yalikuwa njia gani. Mpaka naondoka kwenye ile kampuni sikuyaona.

Hapa niweke kosa langu la kwanza, maana nilipewa pia kazi ya kuwafundisha wafanyakazi. Neno la kitaalamu ni hewa ya ukaa. Nikilitaja, wao wanasikia mkaa. Nikatafuta njia rahisi. Nikawaambia: ule moshi mnaouona unapanda, ndio huo tunaoupunguza.

Wakaelewa haraka sana. Nilifurahi jinsi walivyoelewa haraka.

Walichoelewa ni kwamba mkaa ukishakolea, ukawa mwekundu bila moshi, hauna tena ubaya wowote. Na hewa ya sumu ya mkaa uliokolea ndani ya chumba haionekani wala hainuki. Hilo nilikuwa nalijua. Sikulisema, kwa sababu halikuwa kwenye somo la mpango.

Kosa la pili lilikuwa kwenye fomu.

Fomu ilitoka Dar ikiwa na swali moja lililobeba kila kitu: "Je, kuna mkaa jikoni?" Ndiyo au Hapana. Tawi likipata Hapana mara tatu mfululizo, linahesabiwa limefika sifuri.

Meneja wa Masumbwe alikuwa mtu wa kutaka kuwa wa kwanza. Alilisoma lile swali kama wakili. Akaita wapishi akawaambia: wameuliza jikoni, hawajauliza stoo. Lile jiko la chuma likahamishiwa stoo ya unga, chumba chenye kidirisha kimoja juu, na ugali ukawa unasongwa mle. Mkaa unawashwa uani asubuhi sana mpaka ukolee, kisha unaingizwa ndani na mlango unasindikwa.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini hawakusonga hapo hapo uani. Ua ule unatazama barabara, na wageni wa makao makuu walikuwa wanakuja bila taarifa. Mtu akisimama getini anaona kila kitu.

Haya ya meneja nilikuja kuyajua yote baadaye. Lakini wakuu, niliahidi ukweli. Nilikuwa na sababu za kujua mapema.

Nilipokwenda ukaguzi wa kwanza wa fomu ile, jikoni palikuwa pasafi. Mkaa hapana. Nikauliza ugali mnasongea wapi. Meneja akajibu, "Tumezoea gesi, mzee. Tunasonga kidogo kidogo."

Nikala pale mchana. Ugali ulifika mezani wote kwa wakati mmoja, moto, meza zote. Mtu aliyepima vitu maisha yake yote anajua huo haukuwa ugali wa kidogo kidogo.

Nikaomba kuona stoo. Meneja akasema ufunguo anao mtunza stoo, na mtunza stoo amekwenda Kahama. Nikatazama ule mlango. Chini yake kulikuwa na gunia limekunjwa na kusukumwa kuziba uwazi.

Nikamwona Mama Shija anatoka kunawa. Macho mekundu. Nikamuuliza hali.

"Kichwa tu, Baba. Kila siku saa za mchana kinagonga kama karasha la kusaga mawe. Jioni kinaacha."

Nikamshauri anywe maji mengi.

Fomu iliuliza jikoni. Nikajaza Hapana. Nikarudi tena, nikajaza Hapana. Nikarudi mara ya tatu. Kibao cha kijani kikaletwa, picha ikapigwa, na mimi nimo kwenye hiyo picha, nimesimama pembeni na mizani yangu.

Siku yenyewe sikuwepo. Nasimulia nilivyoelezwa na Mama Pendo, mpishi mwenzake, ambaye ndiye alikuwa anabana sufuria.

Ilikuwa mvua kubwa tangu alfajiri, yenye upepo. Maji yakawa yanaingia kwa kidirisha cha stoo na kulowanisha magunia ya unga. Wakakiziba kwa turubai. Mlango nao ulikuwa unapigwa na upepo, wakausindika kwa ndani. Mkaa, uliowashwa siku hiyo chini ya upenu, ulikuwa umekolea vizuri, hauna moshi hata kidogo.

Mama Pendo anasema walikuwa wanazungumza kawaida. Mama Shija akasema anasikia miguu mizito, akakaa juu ya gunia. Akatania kwamba uzee umemwingilia miguuni. Kisha akanyamaza. Mama Pendo akadhani amesinzia. Alipotaka kunyanyuka kumwamsha, magoti yakakataa. Akajikokota kuelekea mlangoni, na hakumbuki aliufunguaje. Wahudumu walimkuta ameangukia kizingitini, nusu ndani, nusu kwenye mvua.

Yeye alipona. Mama Shija walimtoa akiwa ameshakwisha.

Nilikwenda msibani. Nilikaa na wanaume.

Baada ya maziko kampuni ikatoa maelezo yake. Yalisema kwamba kwa mujibu wa ripoti tatu za mkaguzi wa nishati, tawi la Masumbwe halina mkaa, na kwa hiyo inaaminika marehemu aliingiza mkaa kwa siri kwa shughuli zake binafsi.

Ripoti tatu za mkaguzi ni zangu.

Maneno hayo hayakukaa kwenye karatasi. Mji wenyewe ni mdogo. Haikupita muda watu wakawa wanasema Mama Shija alikuwa anapika ugali wa kuuza kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji, kwa unga wa kampuni, na Mungu kamuumbua. Wengine ni watu aliowalisha.

Siku moja mume wake, Baba Shija, alikuja nyumbani kwangu Shinyanga. Ni mkulima, amenizidi umri. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa. Mke wangu akamletea maji. Hakuyagusa.

"Nimekuja na neno moja, halafu niwahi gari. Mke wangu alikuwa mwizi?"

"Hapana, mzee."

"Wewe ndiye uliandika hapakuwa na mkaa?"

"Niliandika jikoni hapakuwa na mkaa."

"Na mkaa ulikuwepo?"

"Ulikuwepo. Stoo."

"Ulikuwa unajua?"

Nilitaka kumjibu kwa mpangilio, nimweleze swali la fomu lilivyokuwa, ufunguo, Kahama. Nikaona yote hayo ni gunia la kuziba chini ya mlango.

"Sikuuona kwa macho. Lakini nilikuwa najua."

Akainuka. "Basi hayo uliyoniambia mimi, ukawaambie wao. Mimi sikuhitaji kuambiwa. Mimi nililala naye miaka thelathini, namjua."

Nilikwenda polisi nikaandika maelezo. Nikaandika pia kwa wakaguzi wa usalama kazini. Nikawaandikia makao makuu kwamba ripoti zangu tatu si sahihi, nikaeleza kwa nini, nikaomba zifutwe. Mratibu alinijibu kwa maandishi kwamba taarifa za mwaka zimeshafungwa na kuwasilishwa. Mkataba wangu ulipoisha haukuendelezwa. Meneja alihamishiwa tawi lingine. Shauri halijafika popote mpaka ninapoandika.

Siku ya kuanua matanga nilirudi Masumbwe. Niliomba nafasi, nikasimama mbele ya watu. Nikasema mkaa ulikuwa wa kampuni, ulinunuliwa na kampuni, uliwashwa kwa amri ya kampuni, na Mama Shija alikufa akiwasongea wateja wa kampuni ugali. Nikasema aliyeandika vinginevyo ni mimi.

Mama Pendo alikuwepo, ameinamisha uso. Bado anafanya kazi pale, ana watoto, na sikumtaka aseme lolote.

Nilipopita kwa Baba Shija kuaga, alinipa mkono. "Wabeja," akasema, akinishukuru kwa Kisukuma. Sikustahili zaidi ya hapo.

Nilichojifunza ni hiki. Ukipewa fomu, jibu linaweza kuwa la kweli na bado likaua mtu. Mpango wa kuokoa hewa ya dunia nzima ulishindwa kuuliza hewa anayovuta mwanamke mmoja ndani ya stoo, na mimi niliyekuwa nimesimama nje ya mlango sikuuliza pia. Mkaa uliokolea bila moshi unaua. Mchana ukiumwa kichwa na jioni ukapona, usinywe maji ukatulia. Toka nje, na umwambie mwenzako atoke.

Karibuni wakuu, hata wa kunilaumu. Lakini nyinyi mnaopika kwenye migahawa, shule na makambi ya migodi, naomba mnijibu kwanza: siku ya mvua kubwa, huko mnakosongea ugali, mlango huwa wazi au huwa umefungwa?