Dalali Aliyeambiwa Ashike Pumzi

Mji mzima ulimwita Kipaza, naye akaona fahari. Alikuwa dalali wa viwanja, mtu wa kukuuzia bonde ukaondoka unaamini umenunua kilima. Kikohozi kilipomganda alikifanyia udalali pia: mara vumbi, mara baridi, mara kijicho cha majirani. Kila aliyemwambia aende hospitali alizidiwa maneno, akaenda zake. Watu wa namna hii wakishinda ubishi hudhani wameushinda na ugonjwa.

Mwishowe mkewe alimburuta hospitali. Picha zilipoonyesha uvimbe kwenye pafu, daktari alisema atanyofoa kipande kidogo kwa sindano, kikapimwe.

"Sindano hii ina tundu, na ndani yake mna waya unaoliziba. Nikichomoa waya, wewe ukavuta pumzi au ukakohoa, hewa inaweza kuingia kwenye mshipa wa damu, ikafika moyoni au kwenye ubongo. Utapooza, au utakufa hapo hapo. Nikisema shika pumzi, shika. Haya, tujaribu. Shika... Umeshika?"

"Nimeshika, daktari!"

Mkewe aliangua kicheko. "Baba watoto, pumzi gani hiyo inayoongea?"

"Niulizwe nisijibu? Adabu iko wapi?"

"Adabu hiyo utazikwa nayo," daktari alisema.

Siku yenyewe alilazwa kifudifudi, sindano ikapenya mgongoni. "Shika." Akashika. Daktari alichomoa waya na papo hapo akaziba tundu kwa kidole. Muuguzi, kwa mazoea tu, akainama: "Mzee, unaumia?"

Swali! Tangu azaliwe Kipaza hakuwahi kuliacha swali lipite. Jibu lilimjaa mdomoni, tena la kuchekesha. Maneno yake yalikuwa yameumiza wanunuzi wengi bila yeye kukosa usingizi. Sasa, kwa mara ya kwanza, neno lilikuwa linataka roho yake mwenyewe. Akafumba macho, machozi yakamtoka, akalimeza.

"Muuguzi, usimsemeshe!" daktari alifoka. Kipande kikatoka salama, sindano ikaondolewa.

Wakamgeuza alalie upande wa jeraha, marufuku kuzungumza. Mkewe akavuta kiti.

"Kumbe unaweza kunyamaza! Basi nisikilize. Majibu yakija, daktari ataongea na mimi. Akisema dawa, utakunywa. Akisema upasuaji, utapasuliwa. Hapa hakuna kupatana bei."

Kipaza alitoa macho, akaitikia kwa kichwa. Hakuwa ameongoka, aliogopa kufa, basi. Mkewe hakujali sababu.