Mchi wa Jirani

Shule niliiachia darasa la tatu, na nyumba nimejenga. Nasema mapema asije mtu akaniuliza cheti.

Kiwanja changu kipo Ujiji, chembamba, kimepakana na ukuta wa mama mmoja mjane anayetwanga muhogo alfajiri mpaka mtaa unaamka. Siku mimi na fundi tulipoleta kamba na vigingi vya kuonyesha msingi, alitokea na mchi begani.

"Mwakeye, jirani," akanisalimu kwa Kiha. "Ukiingia kwangu hata unyayo, nitatandika mkeka humo humo nilale."

Nikacheka. Fundi hakucheka, alikuwa anavuta kamba huku akilenga msikiti. Kwetu ni desturi: msikiti umeelekea kibla, nyumba ya kwanza ikaufuata msikiti, ya pili ikaifuata ya kwanza, mpaka mtaa mzima umeipa barabara bega. Ukuta wa yule mama tu ndio ulioikabili barabara kwa kona ya mraba, kwa sababu umekaa juu ya mpaka.

Mama akalaza mchi kati ya ukuta wake na kamba yetu, upande wa mbele. Ukaenea ukigusa kamba. Akaenda nyuma. Haukuingia.

"Fundi, kamba yako ina njaa. Inakula kwangu."

"Mama, kamba imenyooka."

"Imenyooka kuja kwangu."

Fundi akanigeukia. "Mzee, huku wote wanafuata msikiti. Tuikunje kidogo kule nyuma, nani ataona?"

"Kibla ni ya sala," nikamwambia. "Msingi unafuata mpaka. Ng'oa vigingi."

Kamba nikaishika mwenyewe. Kipimo hiki nilikipata nikijenga vichanja vya kuanikia dagaa kule mwaloni, na hakijanidanganya. Toka kwenye kona, pima mita tatu kufuata barabara, nne kuingia ndani. Kutoka ncha hii hadi ile pakitimia tano, kona ni mraba. Pakizidi, imefunguka, pakipungua, imefumba. Yangu ilizidi. Nikahamisha kigingi, ikapungua. Nikahamisha tena. Fundi akakalia tofali, akanung'unika kuwa jua linapanda.

"Lipande."

Ikatimia. Sasa mstari wangu umesimama mraba na barabara, na ukuta wa mama umesimama mraba na barabara hiyo hiyo. Basi hiyo miwili haina mahali pa kukutana, hata uivute ikazame ziwani. Hiyo ndiyo sambamba. Watu wanadhani sambamba ni kukaa ubavuni tu. Mimi na mama huyu tumekaa ubavuni miaka yote na hatuachi kugongana.

Nikamwita aje na mchi. Mbele ukaingia ukigusa kamba. Nyuma ukaingia ukigusa kamba. Akaulaza na katikati, kwa ubishi tu, nako vilevile. Akaurudisha begani.

"Chimba," akamwambia fundi, utadhani nyumba ni yake.