Utabiri wa Don Belarmino na Unga wa Mkewe

Don Belarmino Olaza alistaafu kazi ya kubadilisha njia za treni akiwa na goti moja bovu na tabia moja isiyotibika. Goti alipewa na reli. Tabia aliichagua mwenyewe: kila mwaka, tarehe thelathini na moja Agosti, baada ya matangazo ya vifo na kabla ya mpira, redio ya mji wetu wa Mercedes humpa dakika moja, naye huwatangazia watu jinsi machipuko, ambayo kwetu huku kusini mwa dunia huanza Septemba, yatakavyokuwa.

Hatabiri ovyo. Kwanza huisubiri tufani ya Santa Rosa, ambayo hapa kila mtu huitazamia siku tano kabla ya tarehe thelathini Agosti, sikukuu ya mtakatifu huyo, au siku tano baada yake, na huandika imeingia kutoka upande gani au, ikichelewa, mawingu yake yanakusanyika upande gani. Kisha hutembea akikagua nguzo za umeme, moja baada ya nyingine, kuona ndege mfinyanzi ameelekeza wapi mlango wa nyumba yake ya udongo, kwa kuwa ndege huyo, asemavyo Don Belarmino, hajengi mlango upande utakaoleta mvua. Yote huyatia katika daftari kwa penseli. Kufikia mwaka ninaousimulia alikuwa na madaftari ishirini na sita.

Bahati mbaya, mawili ya mwisho yalimwaibisha. Mwaka mmoja aliahidi ukame, na mto Negro ukapanda hadi kwenye ngazi za klabu ya makasia. Mwaka uliofuata aliahidi mvua nyingi, na watu wakamwagilia vitunguu kwa ndoo hadi Desemba. Ndiyo maana Agosti iliyofuata mtangazaji, Washington Bentancor, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, alimwekea sharti hewani, mji mzima ukisikia.

"Don Belarmino, tuelewane. Jumamosi ya magari ya maua ndiyo mtihani wako. Ukikosea tena, dakika hii namkabidhi binti wa kituo cha hewa. Yule ana cheti."

"Cheti hakiumi mvua ikikaribia, Washington."

"Na goti lako linasemaje?"

"Goti langu halizungumzi na waandishi wa habari. Wewe andika: Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, jua kali. Malkia wa maua avae kofia, tusije tukamchoma."

Binti wa kituo cha hewa ni mimi. Nilisomea upimaji wa hali ya hewa miaka miwili katika shule ya ufundi, nasoma kipimamvua kwa saa zilizopangwa, na sijawahi kutamani kusikika redioni. Kwa hiyo nilimwombea Don Belarmino afanikiwe kwa moyo safi kabisa. Tulikubaliana watatu kwamba kipimamvua changu ndicho kitakachoamua: kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni, maji yakionekana, ameshindwa.

Mtihani wenyewe haukuwa wa mchezo. Kila mtaa hukaa majira yote ya baridi ukisokota maua ya karatasi nyepesi, maelfu kwa maelfu, ya kupamba gari lake la maandamano ya kukaribisha machipuko, yanayoongozwa na malkia wa maua. Tone moja likiangukia waridi la karatasi, waridi huwa uji. Mji ulihitaji kujua kama uamini au ufunike.

Hapo ndipo Doña Nelda anapoingia. Ni mke wa Don Belarmino, na ndiye mpikaji wa torta frita anayesifiwa kuliko wote mtaani. Torta frita ni andazi bapa, lenye tundu katikati, linalokaangwa kwa mafuta ya ng'ombe siku ya mvua. Siku ya mvua tu. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini ukikaanga jua likiwaka, majirani watakuja kuuliza nani mgonjwa. Doña Nelda huyauza dirishani kwake matone ya kwanza yanapogonga bati, na kwa sababu hiyo mji ulikwisha kujifunza kumsikiliza mume kwa adabu, kisha kutazama kikapu cha mke.

Ijumaa asubuhi kikapu kilikwenda dukani kwa Ramona Chalar, jirani yao wa ukuta kwa ukuta.

"Kilo kumi za unga, Nelda? Si kesho jua kali?"

"Jua ni la Belarmino. Unga ni wangu."

"Ala! Hebu nong'ona basi, shoga yangu. Nitoe nailoni mbele au niiache stoo?"

"Toa."

Kufikia adhuhuri nailoni ilikuwa imekwisha, na unga pia, maana kila mwanamke aliyenunua nailoni aliona ni busara kujiandaa kwa andazi. Don Belarmino alizikuta habari hizo kwa kinyozi, akarudi nyumbani na nusu ya ndevu. Dirisha lao huwa wazi, na mimi nilikuwa napita.

"Nelda! Umenivua nguo mbele ya mji!"

"Mji umekuona miaka mingi, hautashtuka."

"Rudisha huo unga."

"Sirudishi. Usiku kucha umelisugua goti lako kama unapiga msasa. Miaka arobaini na sita nimelala na hilo goti, halijawahi kukosea. Kinachokosea ni mdomo."

"Nimeshatangaza, mke wangu. Nitafanyaje?"

"Tangaza tena."

"Mtabiri hatangazi mara mbili. Anayetangaza mara mbili ni mchuuzi wa samaki."

"Basi mwachie yule binti dakika yake. Nasikia haongei. Tutapumzika."

Niliongeza mwendo.

Jumamosi mbingu ilikuwa na rangi ya sufuria. Upepo ulivuma kutoka kaskazini, mzito na wa moto, na saa kumi alasiri magari ya maua yalianza kuzunguka uwanja yakiwa yamefungwa nailoni kuanzia juu hadi chini. Ndani yake yalionekana mabonge ya rangi, huenda swani, huenda kinu cha upepo. Malkia alipunga mkono nyuma ya ukungu wa pumzi zake mwenyewe, kama keki iliyosahaulika kwenye kabati la mwokaji. Watu walipiga makofi kwa heshima ya nailoni.

Na mvua haikunyesha. Saa kumi na moja haikunyesha. Don Belarmino alisimama mbele ya nyumba yake, kibuyu cha chai chungu ya majani, iitwayo kwetu mate, mkononi, goti limevimba kama tikiti, akiitazama ile mbingu kwa jicho la mtu anayedai ahadi. Katika kila nyumba donge lilikuwa limekandwa, mafuta yako karaini, kiberiti kiko tayari, na sikio la mwenye nyumba limeelekezwa kwenye bati. Hakuna aliyethubutu kuwasha wa kwanza.

Saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini, donge la Doña Nelda lilianza kuota ngozi. Alilitazama. Akatoka uani, akachukua ngazi na mpira wa kumwagilia bustani, akapanda, akaanza kulinyeshea bati lake mwenyewe.

Nyuma ya ukuta, Ramona Chalar alisikia matone na kuwasha jiko. Aliyefuata alisikia mafuta ya Ramona. Wa tatu alinusa. Baada ya dakika kumi harufu ilikuwa imefika uwanjani, alipokuwa Washington Bentancor na kipaza sauti chake, naye akainua pua.

"Wasikilizaji, sina haja ya kutazama juu! Mji mzima unakaanga! Mvua imeanza, na Don Belarmino, masikini, amekwisha!"

Watu walinyoosha viganja, hawakuhisi kitu, wakahitimisha kwamba inanyesha mtaa wa pili. Washington alivuka barabara mbili akitangaza njia nzima, hadi akasimama mbele ya nyumba ya Olaza, ambako maji yalikuwa yakichuruzika kutoka ukingo wa bati hadi kwenye kofia ya mwenye nyumba. Mimi nilikuwa nimefika muda huohuo, saa kumi na mbili ikiwa imepita tu, kipimo kikiwa kimeandikwa na kutiwa sahihi.

"Don Belarmino, waambie wasikilizaji. Hicho kinachokudondokea kichwani ni nini?"

Don Belarmino aliinua macho. Kutoka aliposimama aliona ngazi, aliona soksi za mkewe, na aliona mpira. Angeweza kuiokoa dakika yake kwa maneno matatu. Aliyameza yote.

"Ni manyunyu," alisema, akiyafuta maji usoni. "Manyunyu ya mahali pamoja."

"Kwa hiyo umekosea?"

"Andika hivyo."

Washington alinigeukia na kunisogezea kile kipaza sauti mdomoni. "Na wewe, binti, kipimamvua kinasemaje?"

"Sifuri," nilisema. Ilikuwa hotuba yangu ya kwanza redioni, na naamini ilikuwa na urefu wa kutosha.

"Sifuri vipi, na mzee huyu kalowa?"

Ndipo sauti ikashuka kutoka juu ya bati, ikapita kwenye kipaza sauti na kuingia katika kila jiko la Mercedes.

"Belarmino! Wateja wameshakuja? Nifunge bomba?"

Inasemekana mji ulicheka kwa muda mrefu kuliko ulivyopiga makofi. Hakuna aliyezima jiko, kwa kuwa mafuta yalikuwa yameshachemka, na Doña Nelda aliuza hadi andazi la mwisho kwa foleni iliyosimama chini ya mbingu kavu. Mvua ya kweli ilifika Jumapili asubuhi, watu wakitoka kanisani: milimita thelathini na moja, bila nyumba hata moja kuwa na unga. Goti halikuwa limekosea, lilitangulia tu.

Dakika imebaki kwa Don Belarmino. Siku hizi, hata hivyo, akimaliza kusema juu ya Santa Rosa na milango ya ndege, Washington humuuliza swali moja la mwisho, na mji mzima hupunguza kelele za vijiko ili usikie jibu.

"Na Nelda kanunua kilo ngapi?"