Picha ya figo iliyomwepusha shangazi yangu na wembe wa mganga

Wakuu, hamjambo humu? Mimi mzee wa Kibiti, shule niliishia la tatu, herufi zikienda upande mnivumilie. Ninayosema niliyaona kwa macho yangu.

Zamani, kabla ya enzi za ruksa, biashara haijafunguliwa, nilikuwa kuli wa magunia ya ufuta pale Ikwiriri. Mwenzetu mmoja mvivu, anatua mzigo njiani, analala. Ufuta upo, lori lipo, mzigo haufiki. Tukimtukana anacheka. Alikuwa na meno mazuri yule, basi tu.

Mzigo kutofika ndiyo maradhi ya kwetu.

Kliniki wamenieleza juzijuzi: seli za figo zina vinywele vidogo mno, vinasikiliza maji yanavyopita. Protini lazima zibebwe hadi kwenye vile vinywele. Zisipofika, figo inaota vifuko vya maji, inavimba. Na kasoro hiyo hurithiwa.

Enzi za ruksa nani alijua?

Baba alikufa tumbo limevimba. Baba mdogo hivyohivyo. Akabaki dada yao, shangazi Mwantumu. Kijiji kikasema, "Kawala kaka zake, yeye mzima!"

Akaitwa mganga. Kwetu mtuhumiwa hunyolewa kichwa hadharani, eti atoke uchawi. Lakini ukishanyolewa, hata chumvi huombwi tena. Nakiri, na mimi nilimsadiki mganga.

Shangazi akaniita. "Mwanangu, ubavu unaniuma kama ulivyomuuma baba yako. Nipeleke Dar kwanza. Wembe hauozi."

Nikampeleka. Ultrasaundi ikaonyesha figo zote mbili zimejaa vifuko, kama mayai machanga ndani ya kuku. Daktari akasema, "Mama, ugonjwa huu ni wa ukoo. Bila shaka kaka zako walikuwa nao."

Siku ya kunyoa, shangazi akasimama uwanjani mbele ya mganga, picha juu.

"Haya, fundi! Mchawi gani anajiloga figo zote mbili?"

Wee! Vicheko, vigelegele, waliomnunia jana wanamkumbatia.

Akameza vidonge vya presha, akalima mpunga miaka mingi tu. Mimi pia ninao ugonjwa huo, nameza vyangu.

Wakuu, ukoo ukifa kwa kuvimba tumbo, pimeni figo kabla ya kumnyoa mtu. Mwenye yaliyomkuta kama haya aseme, tumsikie.

Na mganga? Aliigeuza ile picha juu chini, akamrudishia shangazi, akafunga wembe kwenye kitambaa. Akashika njia ya Umwe.

Hatukumwona tena.