Nyumba Waliyomjengea Kanyange

Georgette, yaani Mama Tania, akishika jambo, bora umpishe njia. Muuza mawese huyu wa mji wa Baraka, Kongo, hajui kuomba taratibu. Anaingia uani kwako, anakaa bila kukaribishwa, na hatoki mpaka umekubali. Ndivyo alivyowapata wanakwaya wenzake kumi na tisa wamjengee nyumba Kanyange, mkimbizi wa Burundi, mjane mwenye watoto watatu, aliyekuwa akitembea kutoka kambini kuja kulima mashamba ya watu mjini.

"Kule utakufa na njaa, mutoto wangu," alimwambia. "Kuya tuishi na we hapa. Tutakujengea."

Kiwanja alikitoa mwanakwaya mwenzake Constance, Mama Dany, na siku hiyo Georgette alilia mbele ya kanisa zima bila haya. Constance hakuwa rafiki hivi hivi tu. Wakati wa vita walivuka ziwa pamoja, wakaishi miaka tisa chini ya turubai moja katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, wakigawana chungu na hata kitenge cha kubebea mtoto. Nani angejua kumzidi maana ya kukosa pa kulala?

Kwa wiki saba kwaya ilifanya salongo, kazi ya pamoja, kila Jumamosi. Walikanyaga udongo, wakachota maji, wakafyatua matofali, wakiimba sauti ya kwanza na ya pili huku matope yamewafika magotini, na wapita njia wakiwatania kwamba malaika wamegeuka mafundi. Kanyange alifanya kazi kuliko wote. Mabati yalipopanda, akarudisha nyumba yake ya kambini, nayo wakapewa wengine siku ileile. Ni Georgette aliyemhimiza: watu watapataje moyo wa kumalizia kazi, naye bado anashikilia kule?

Jumatatu Georgette na Kanyange walifika na mikeka na masufuria, wakakuta kufuli mlangoni. Dirishani walichungulia wakaona kitanda kipya. Kilikuwa cha Dany, mtoto wa Constance.

"Mama Tania, usinipandishie sauti," Constance alisema uani kwake, akiendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo, wala hakuinua macho. "Mi nilitoa kiwanja, sikusema ni ya milele. Dany anaoa mwezi wa nane. We unataka bibi yake alale wapi?"

"Tulijenga ya Kanyange! Kila muntu anajua!"

"Basi kila muntu aseme."

Georgette akaenda kuwatafuta waseme. Wa kwanza alikuwa na homa. Wa pili akamwambia mambo ya kiwanja ni ya mwenye kiwanja. Wa tatu, yule aliyekuwa akiimba kwa nguvu kuliko wote pale matopeni, alimnong'oneza kwamba Warundi wataenda zao siku moja, lakini Mama Dany watazikana naye. Siku mbili alizunguka, asipate hata mmoja. Jumapili wote walisimama na sare zao, Constance katikati, wakaimba vizuri, Mungu anisamehe, vizuri sana.

Georgette aliondoka kabla ya mahubiri. Vita vilimfukuza kwao, lakini vita havikuwahi kumwita dada. Afadhali Constance angekataa tangu mwanzo. Wangegombana, wangepatana, yangekwisha.

Nyumbani alimkuta Kanyange, ambaye wiki nzima alikuwa akilala na watoto jikoni kwake, anafunga mikeka.

"Unaenda wapi? Bakia. Mi nitapambana na bo."

"Tunarudi kambini, Mama Tania. Kuna jirani pengine atatupatia kona."

"Ni Constance alitudanganya sisi bote!"

Kanyange hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Georgette. Alimfunga mtoto mdogo mgongoni, akakaza fundo.

"Mama Dany simujui," alisema. "Kule nilikuwa na mulango wangu. Ni we uliniambia niurudishe."