Glavu Sikuzitaka

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu ganda la kwanza nililopewa, tena niliharibu kwa ujuzi. Marehemu baba yangu alikuwa mfua shaba kule Tanga, akitengeneza madele ya kahawa, nami nilikua nikimvukutia moto. Dele likifuliwa sana, shaba hukakamaa na kuanza kupasuka, basi unalitia motoni lote mpaka liwe jekundu, linalainika, unaendelea kufua. Kwa hiyo Mwalimu aliponipa ganda tupu la risasi na bomba la moto la gesi, nikalichoma lote, mdomo hadi kitako, nikamrudishia nikijiona fundi wa mafundi. Alichukua koleo, akalibana. Likabonyea kama kopo la maziwa.

"Dada Zuhura," akasema, "umelilainisha vizuri sana. Sasa limekuwa bomu."

Huyo alikuwa mwenye karakana. Mmarekani mweusi, aliyestaafu kufundisha useremala katika shule za Washington, na Kiswahili alikipata darasa la jioni ukubwani. Tulimwita Mwalimu. Alikisema polepole, kisafi, bila kuchanganya neno la Kiingereza, mpaka sisi tuliozaliwa nacho tukawa tunaona haya mbele yake. Karakana yenyewe ilikuwa nyuma ya duka la matairi karibu na mji wa Falls Church, Virginia, miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Walenga shabaha walituletea maganda ya shaba ya njano waliyokwisha kuyapiga. Tuliyasafisha, tukayalainisha, tukayanyoosha, tukawarudishia. Baruti hatukugusa, kila mteja alijijazia mwenyewe nyumbani kwake.

Ninyi vijana mnaosoma haya mtaniuliza kulainisha kwa nini. Ganda la shaba hutumika tena na tena. Kila likipigwa, shingo yake, pale juu panaposhika risasi, hutanuka, kisha sisi huibana irudi kipimo chake. Shaba ikifanyiwa hivyo mara nyingi huwa ngumu, na mwisho shingo hupasuka. Dawa yake ni moto. Lakini moto uishie shingoni na begani, pale ganda linapoanza kunenepa. Kitako, ambako fataki hukaa, lazima kibaki kigumu, kwa sababu ndicho kinachozuia mlipuko usirudi nyuma. Kikilainika kinaweza kupasuka, na nyuma yake kuna uso wa mtu.

Tulizima taa na kushusha mapazia mchana kweupe, ili jicho lione rangi. Unakishika kitako kwa ncha za vidole, unaizungusha shingo kwenye ulimi wa moto, rangi ya shaba inageuka, na kabla haijakolea unaliachia ganda lidondoke kwenye ndoo ya maji. Maji hayalainishi kitu, kazi yake ni kuukata moto usiendelee kushuka. Kila asubuhi tulijaribu machache kwa rangi ya kupaka inayoyeyuka joto likizidi, lakini huwezi kupaka kila ganda. Yaliyobaki yote yalipimwa na vidole. Ukiona vidole vinashindwa kuvumilia kabla shingo haijawa tayari, umekosea, na ganda hilo linabanwa kwa koleo na kutupwa kwenye pipa la chakavu.

"Mkono mtupu," Mwalimu aliniambia. "Si kwa ushujaa, dada. Kitako hakisemi. Vidole vyako ndivyo vitakavyokisemea."

Watu wetu walinisema, na wacha waseme. Kwenye harusi moja Hyattsville kina mama walikuwa wakiniita Mama Risasi, wakidhani sisikii. Nikageuka nikaitika. Aliyetaka kunitia haya alipoteza muda wake. Nilikuwa nikiamka Langley Park, napanda basi juu ya basi kuvuka mto mpaka Virginia, na wateja wetu niliwajua kwa nyuso. Alikuwepo muuguzi mstaafu aliyecheka kwa sauti kubwa, alikuwepo fundi wa simu mwenye madoadoa, na alikuwepo Mwalimu mwenyewe, aliyelenga karatasi yake kila Jumamosi, shavu limeegemea bunduki. Nikishika ganda nilikuwa nawaona hao.

Kisha akaja Meneja. Alikuwa Mkenya, ametoka kwenye maghala ya Hyattsville, kijana mwenye adabu na roho safi, na Mwalimu alimchukua kwa kuwa umri ulikuwa umemwelemea. Siku moja alinijia na glavu nene za ngozi.

"Mathe, kuanzia leo kila mtu ata-wear gloves. Jamaa wa insurance anakuja ku-inspect. Akikupata na mikono hivyo, ana-cancel, na sisi tunafunga."

"Na hiyo glavu itaniambia kitako kimepata moto?"

"Itakulinda wewe."

"Mimi sijaomba ulinzi. Anayepiga analindwa na nani?"

"Mathe, please. Usini-corner. Si mimi nimetunga hiyo rule."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Nikamgeukia yeye, maana nilijua atanitetea.

"Zivae, Dada Zuhura," akasema. "Tafadhali."

Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyenifundisha." Akatazama sakafu. Nikaziweka zile glavu mezani, nikachukua mkoba wangu, nikaenda zangu kungoja basi.

Nyumbani binti yangu Salma alinishangaa. "Mom, you quit over gloves?"

"Nimeacha kwa ajili ya uso wa mtu," nikamjibu.

Sitawadanganya, niliogopa. Mwanamke wa umri wangu, Kiingereza changu cha kuombea maji, kazi nyingine ningeipata wapi? Lakini kila nilipowazia kushika ganda na kuhisi ngozi ya ng'ombe badala ya shaba, moyo ulikataa. Nilikaa na woga wangu, na uamuzi sikuubadili.

Jumamosi Mwalimu akagonga mlango. Amepanda ngazi zote zile, anahema. Nikampa kiti, nikampa chai ya tangawizi. Akaweka mezani mfuko wa kitambaa, nikasikia maganda yakigongana ndani.

"Haya ni yangu binafsi," akasema. "Naomba uyafanye hapa jikoni kwako, kwa mkono wako."

"Ya wateja anayafanya nani?"

"Meneja."

"Kwa glavu?"

"Kwa glavu."

Nilisimama. "Kwa hiyo uso wako ni uso. Na wa yule muuguzi ni nini?"

Chumba cha pili Salma alizima televisheni.

"Mwalimu, nakuheshimu, na chai yangu utakunywa. Lakini hayo sitayagusa. Nirudishie meza yangu nifanye ya watu wote, au sitafanya hata moja."

Alikunywa chai mpaka ikaisha. Kisha akainuka, akaondoka na mfuko wake kama ulivyokuja. Nikasikia miguu yake ikishuka ngazi taratibu, nikajua nimejifukuzisha kazi kwa mara ya pili.

Jumatatu akapiga simu Meneja. "Mathe, kuja. Kuna kitu uone."

Nilikwenda nikiwa nimenuna. Kwenye pipa la chakavu niliyakuta maganda yote yaliyofanywa kwa glavu, kila moja limebanwa kwa koleo. Mwalimu alikuwa ameketi pembeni, mkono umemvimba kwa kazi hiyo. Juu ya meza yangu zilikuwa zile glavu za ngozi, zimekatwa kwa mkasi ncha za vidole vitatu vya kila mkono, dole gumba na viwili vinavyofuata.

"Rule inasema gloves," Meneja akasema. "Haijasema ziwe na vidole."

Nilicheka mpaka nikaketi. Yule bwana wa bima alikuja, akachungulia chumba chenye giza, akaona glavu, akaenda zake. Mwalimu akanisogezea trei ya kwanza. Ilikuwa ya muuguzi.

Nilifanya hivyo miaka mingine mingi, mpaka muongo ule ulipokuwa unaisha. Hakuna aliyenistaafisha. Siku moja nilishika ganda, nikalizungusha, nikasubiri vidole viniambie. Havikusema kitu. Nikaona rangi imeshuka chini ya bega, inaelekea kitakoni, nikaliachia majini. Nikachukua la pili, ikawa vilevile. Chumba kilikuwa giza na hakuna aliyeniona. Niliyabana yote mawili kwa koleo, nikazima gesi, nikafungua mapazia, nikavua aproni.

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Umeungua?"

"Sikuungua. Ndiyo sababu."

Alinishika mikono yote miwili, akazitazama ncha za vidole, zimekuwa laini na kung'aa. Baadaye walinunua mashine inayozungusha maganda yenyewe na kuyapimia muda. Ni mashine nzuri, sina ugomvi nayo.

Siku hizi nashika glasi ya chai ya moto, Salma anapiga kelele, "Mama, put it down, that's hot!" Hunikumbusha kwamba ningevaa glavu nzima, leo ningekuwa na vidole vizima. Kweli. Ningekuwa navyo, vya kushikia glasi.

Mwalimu alifariki kwa uzee, kitandani mwake. Nilikwenda na Meneja kumuaga, na kama ilivyo desturi ya kwao, jeneza lilikuwa wazi. Watu walipita haraka. Mimi nilisimama pale mpaka foleni ikakatika nyuma yangu, Meneja akanigusa bega nisogee, nikakataa kusogea. Niliutazama ule uso wa mzee, paji la uso, shavu lililoegemea bunduki Jumamosi zote zile, macho mawili yamefungwa vizuri, hayana hata alama. Nikamwambia Meneja, "Tazama kazi yangu."